Siku moja kwenye kazi ya kupanga bei

Watu hudhani bei ya dukani ni namba iliyomjia muuzaji kichwani. Sivyo.

Saa 2 asubuhi. Mzigo wa mabegi umefika, ankara iko mezani. Begi la kununua kwa 60 halijagharimu 60. Ongeza usafiri, pango, mshahara wa kijana wa stoo, na yale mawili matatu katika kila mia ambayo zipu huharibika kabla hayajauzwa. Jumla 75. Nauza 100. Hapa wengi hukosea: wanaona 25 juu ya 75, wanasema faida ni theluthi. Katika kila 100 inayoingia, faida ni robo tu, na punguzo lote hukatwa humo.

Saa 3, lebo. Mkoba wa 50 unaandikwa 49, maana jicho husoma kutoka kushoto na kushika tarakimu ya kwanza. Kushusha 46 hadi 45 ni kujipunja bure.

Saa 4, begi la 180 natundika mlangoni, lionekane kabla ya lile la 100. Mwaka 1974 wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliandika juu ya gurudumu la namba lililochezewa lisimame kwenye 10 au 65. Kisha watu wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kwa walioona 10, kisio la katikati lilikuwa 25. Kwa walioona 65, lilikuwa 45. Namba isiyohusika kabisa ilivuta akili, sembuse bei ya begi lililo jirani.

Kuanzia saa 6 ndipo kazi ilipo. “Mwisho bei gani?” Mteja anataka 90. Kwake ni kumi tu. Kwangu faida imetoka 25 hadi 15: mabegi 3 yaliyokuwa yanaleta 75, sasa lazima niuze 5. Nikikubali papo hapo, naye ataondoka na wasiwasi kwamba angepata kwa 80. Kwa hiyo nataja bei, nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kusema. Anayejieleza sana anaonekana mwenyewe haiamini bei yake. Akikaza, nashuka 97, halafu 96, basi. Hatua zikipungua, mteja anahisi sakafu iko karibu. Nikishuka 95 kisha 90, nimemfundisha kwamba kila akiomba atapata tano. Afadhali kumpa kufuli lililogharimu 3, ambalo yeye analithamini 8, au kumwonyesha begi la 70 lisilo na mfuko wa kompyuta. Anazunguka, anabonyeza mishono, anatoka, anarudi. Miguu inawaka moto, na sauti lazima ibaki ileile ya asubuhi.

Mvua inaanza. Bei ya miamvuli haiguswi: mteja husamehe bei iliyopanda kwa sababu ya gharama, hasahau iliyopanda kwa sababu ya shida yake.

Jioni, daftari. Lebo safu moja, bei iliyolipwa safu ya pili. Mabegi 7, wastani 97. Kesho la 180 linabaki mlangoni.