Nusu kilo ya sukari kwenye kopo la fundi

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga mjini. Miaka 14 nimekaa kiti kimoja nikipima viuno vya watu, changu sijakipima, mpaka gauni la Idi lilipokataa kufunga zipu ikabidi nilitie kipande ubavuni. Nikajizungushia futi: inchi 42. Kwenye mizani ya duka la dawa, kilo 89.

Ushauri ukamiminika. Acha wali. Acha ugali. Kunywa maji ya moto na ndimu alfajiri. Mteja mmoja akaniuzia majani ya kupunguza tumbo, elfu ishirini na kitu, yakanikimbiza chooni siku nne na tumbo likabaki palepale. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nakunywa chai ya namna gani, na chupa ya chai ilikuwa hapo hapo mezani kando ya cherehani, kila aliyekuja aliiona. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Nilishtuka mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika na kilo ikapita shilingi elfu nne. Baba watoto akauliza: sukari ya nyumba hii anaimaliza nani? Nikachukua kopo tupu la maziwa ya unga, nikatia nusu kilo ya kwangu peke yangu, nikaandika tarehe kwa chaki ndani ya mlango wa kabati. Siku ya tano kopo likawa jeupe. Gramu mia kwa siku! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50, na akiishia 25 ni bora zaidi. Na hapo sijahesabu soda ya saa tisa alasiri, ambayo chupa moja ina vijiko vya chai kama vinane au tisa.

Shangazi akaniambia, "Mwanangu, wewe tia asali, asali ni dawa." Nikaagiza lita nzima ya asali ya Handeni, nzuri, nyeusi, inanukia moshi. Kwa kuwa ni dawa sikuipimia: vijiko viwili vya mezani kila kikombe, kingine nakilamba. Mkate nikaupaka, uji wa watoto nikautia. Baada ya mwezi nikajipima kwa furaha kabisa, futi ikasoma inchi 43. Nikadhani nimeivuta vibaya. Nikarudia mara tatu, mara ya mwisho nimesimama mbele ya kioo, futi imelala sawa mgongoni. Arobaini na tatu. Asali zaidi ya robo tatu yake ni sukari, na kijiko cha mezani kilichojaa kina uzito wa kijiko cha chai cha sukari mara nne au tano. Ni chakula kizuri, lakini anayekwambia ukibadilisha tu utapungua, mwambie akuoneshe futi.

Nikarudi kwenye kopo. Safari hii shabaha ilikuwa moja: nusu kilo ifike siku sita, kisha nane, kisha kumi. Kila wiki mbili napunguza nusu kijiko, na ulimi ukazoea bila vita. Kilichonisaidia zaidi ni viungo. Mdalasini na iliki humfanya mtu aone chai ina utamu kuliko sukari iliyomo. Mchaichai nao una harufu yake. Tangawizi niliiondoa, kwa sababu ukali wake unadai sukari, na hili nililigundua mwenyewe baada ya kupika kwa wiki nzima, leo na tangawizi, kesho bila. Maziwa nayachemsha taratibu mpaka yanazidi kuwa mazito, yana utamu wao. Soda niliiacha siku moja, nikaweka maji ya mtungini. Maandazi na vitumbua ni Ijumaa tu. Siku nyingine mbaazi za nazi na chapati, au muhogo wa kuchemsha. Wali sikuuacha.

Mgeni sikumnyima. Kwetu kumpa mtu chai isiyo na sukari ni kama kumfukuza, basi sukari naiweka kwenye kibakuli pembeni ajitilie. Mwenye kutumia dawa za kisukari asinifuate mimi kabla hajazungumza na daktari wake, maana chakula kikibadilika huenda dawa nazo zikahitaji kubadilishwa.

Mwezi wa tisa nusu kilo ilinifikisha siku 31. Tarehe zote bado zipo mlangoni, za mwanzo zimebanana, za chini zimeachana mbali. Mizani ikasema kilo 78, futi inchi 37.

Juzi nililitoa lile gauni la Idi, nikafumua kipande cha ubavuni uzi kwa uzi, nikashona upya mshono wa zamani. Zipu ikapanda mpaka juu. Kipande nimekikunja, nimekiweka ndani ya kopo.