Siku moja maishani mwangu: kulifuata ua la siku moja

Maua mengi ya hibiskasi huishi siku moja tu. Asubuhi huchanua, jioni hujikunja, kesho yake yamelala chini ya kichaka. Mimi ni mhasibu kwa ajira na mpiga picha kwa mapenzi. Kwa miaka minne sasa napiga maua kwa karibu, karibu kiasi cha kuiona chavua punje moja moja. Jana jioni niliona tumba moja jekundu kwenye kichaka cha uani limevimba na kuanza kulegea ncha. Nikajua leo litafunguka, nikaamua kulifuata siku nzima: kabla ya kazi, wakati wa mapumziko, na baada ya kazi.

Saa 10:40 alfajiri

Nimeamka kabla ya kengele. Betri ilikaa kwenye chaji usiku kucha, kadi ya kumbukumbu iko tupu, lenzi nimeifuta. Natoka na stendi ya miguu mitatu, taa ya kichwani, kibanio cha nguo nilichokifunga kwenye kijiti, na kipande cha pazia jeupe. Hivyo viwili vya mwisho vimeniokolea picha nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Watu hudhani naamka mapema kwa ajili ya mwanga. Naamka kwa ajili ya upepo, maana saa hizi bado umelala. Ninapopiga kwa ukubwa halisi, yaani milimita moja ya ua ikichukua milimita moja ya kihisi cha kamera, kile kibamba kinachopokea mwanga, picha nzima hubeba eneo la milimita 36 kwa 24 tu. Ua likiyumba milimita mbili, kitu nilichokilenga kimeshahama mahali pake, na macho yangu hayakuona hata jani likitikisika. Ndiyo kazi ya kile kibanio: nachomeka kijiti ardhini kando ya kichaka, nabana tawi lililo chini ya tumba. Nabana tawi, sibani kikonyo. Kikonyo kikiminywa, ua hunyauka kabla ya wakati wake, na siku nzima imekwisha.

Saa 11:25 alfajiri

Bado giza. Kwa mwanga wa taa tumba linaonekana kama nguo iliyosokotwa kukamuliwa maji: petali tano zimezungushana, kila moja imelalia jirani yake kwa upande uleule. Kati ya mkunjo na mkunjo kuna mstari mwembamba wa kivuli. Nimepiga picha sita za ule msokoto, shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, ikikaa wazi sekunde mbili, na kamera nikaiacha ijipige yenyewe kwa kuchelewesha sekunde mbili baada ya kubonyeza. Hata kidole kinachobonyeza kitufe huitikisa kamera, na kwa ukaribu huu mtikisiko huo unaonekana wazi.

Saa 12:05 asubuhi

Kumepambazuka, na kuna umande. Hapa nakaa muda mrefu, na sijutii.

Kwenye ncha ya jani, mbele kidogo ya tumba, linaning'inia tone moja lisilozidi punje ya mtama. Nasogea mpaka mbele ya lenzi pako kama sentimita 15 kutoka kwenye tone. Ndani yake naliona tumba zima, jekundu, dogo, limepinduka kichwa chini. Tone la maji ni lenzi: kilicho nyuma yake hukipindua na kukikusanya. Shida ni kwamba ile taswira ya ndani na ukingo wa tone haviko kwenye umbali mmoja. Nikiweka fokasi, yaani ukali wa picha, kwenye taswira, ukingo unalainika kama umefutwa na kidole. Nikiweka kwenye ukingo, tumba la ndani linakuwa doa jekundu.

Kwa ukubwa halisi na tundu la lenzi likiwa f/8 (namba hii ikikua, tundu hupungua), sehemu inayotoka kali haizidi unene wa milimita moja hivi. Moja! Kila kilicho mbele au nyuma yake kinayeyuka. Ndiyo maana nasema kazi yangu hasa ni kuchagua milimita. Asubuhi hii nimechagua ile taswira, ukingo nikauachia ulainike. Tone bila tumba ndani yake lingekuwa maji tu.

Wapo wanaobeba chupa ya kupulizia, wakachanganya maji na gliserini ili matone yakae muda mrefu bila kukauka. Mimi sifanyi hivyo. Umande wenyewe hutua kwa mpangilio wake: matone madogo kwenye vinyweleo, makubwa kwenye ncha za jani. Ya chupa hutua popote, na ukishazoea kuangalia, utayatambua.

Saa 12:50 asubuhi

Msokoto umefunguka. Petali nne ziko wazi, ya tano bado imejikunja pembeni. Katikati limechomoza lile bomba refu lenye stameni za rangi ya dhahabu, zinazobeba chavua, na kwenye kilele chake stigma tano, zinazopokea chavua, kila moja ni kijivimbe chekundu chenye manyoya mafupi kama mahameli. Ni safi kabisa. Hakuna punje hata moja ya chavua iliyozigusa.

Stigma hizi tano haziko kwenye usawa mmoja. Moja imeinama kuja kwangu, mbili ziko kati, mbili zimerudi nyuma. Milimita moja haiwezi kuzibeba zote. Nilipoanza, nilidhani dawa ni kulifunga tundu la lenzi hadi mwisho, f/22, ili kila kitu kitoke kali. Miezi kadhaa nilipiga hivyo, na picha zote zikatoka kama zimefunikwa na pumzi. Nikalaumu lenzi. Kumbe mwanga ukipenyezwa kwenye tundu dogo mno husambaa, na wembamba wa mistari unapotea. Tena kwa ukubwa halisi lenzi imesogea mbali na kihisi kiasi kwamba f/8 hufanya kazi kama f/16, na mwanga unaofika ni robo tu. Kwa hiyo f/22 huwa mbaya kuliko namba yake inavyosema.

Siku hizi napiga picha nyingi na kuziunganisha. Kamera iko juu ya reli ndogo yenye skrubu. Naisogeza nusu milimita, napiga, naisogeza tena. Picha 24 zinanitosha kupita kwenye stigma zote tano. Usiku programu huchukua sehemu kali ya kila picha na kuzijenga kuwa moja. Leo upepo umekuja kwenye picha ya 17, ua likainama na kurudi. Nimeanza upya toka ya kwanza. Nimezuia pumzi mara 24 tena.

Jambo jingine kuhusu maua mekundu, maana liliwahi kunitesa: kamera huyaona mekundu mno. Mwanga ukionekana sawa kwenye skrini, rangi nyekundu peke yake imeshafurika, na petali inatoka kama karatasi iliyopakwa rangi, bila mshipa wala mkunjo. Sasa sitazami picha, natazama histogramu ya nyekundu peke yake, yaani mchoro wa kiasi cha mwanga, giza likiwa kushoto na mwanga mkali kulia, na ninapunguza mwanga mpaka mlima wake uache kugonga ukuta wa kulia. Picha inatoka na giza kidogo, lakini mishipa ya petali imo yote.

Saa 1:35 asubuhi

Naoga, natoka. Ofisini ni dakika kumi kwa miguu, na sababu mojawapo ya kuishi karibu na kazi ni hiki kichaka.

Saa 2:00 hadi saa 7:00 mchana

Hesabu za mwezi. Nimezifunga.

Saa 7:10 mchana

Jua liko utosini. Wengi husema usipige maua saa hizi, na kwa upande mmoja wana haki: petali zinawaka, vivuli ni vyeusi tii. Ila nyuki huja saa hizi, na nyuki hawezi kungoja mwanga mzuri. Nimetandaza lile pazia jeupe kwenye vijiti viwili juu ya ua. Mara moja vivuli vinalainika, na stameni zinaonekana na rangi yake halisi. Pazia likikaa karibu na ua, mwanga unakuwa laini zaidi, kwa sababu kwa ua dogo hivi kitambaa kilicho karibu ni kama anga zima jeupe.

Zamani nilitumia lenzi ya kawaida ya milimita 50 pamoja na mabomba ya kuisogeza mbele, yale matupu yasiyo na kioo ndani, ya milimita 12, 20 na 36. Yote matatu kwa pamoja yanaipeleka lenzi hiyo zaidi ya ukubwa halisi, na bado namshauri kila anayeanza ayapate hayo kabla ya kutumia fedha nyingi. Tatizo lilikuwa umbali: ilibidi lenzi iwe sentimita chache tu kutoka kwenye ua, kivuli chake kikaangukia ninachopiga, na nyuki hawakuthubutu kuja. Lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100 imenipa nafasi ya kiganja kizima, na nyuki hawanijali.

Amekuja baada ya dakika kumi. Ametua kwenye petali, akapanda bomba la stameni, mwili mzima ukajaa unga wa dhahabu, akafika hadi kileleni na kutembea juu ya stigma. Nilikuwa na sekunde mbili au tatu. Milimita ipi? Jicho lake lilikuwa linang'aa, nikaona vinyweleo vinavyoota hata juu ya jicho lenyewe. Nikachagua jicho. Nimepiga picha 11, akaruka.

Wapo wanaomweka mdudu kwenye friji ili apoe na kutulia, kisha wanamweka juu ya ua na kumpiga. Nalipinga hilo kwa moyo wote. Nyuki aliyeganda hafanyi chochote kwenye ua, na mimi nataka kumwona akiwa kazini.

Saa 7:50 mchana

Narudi ofisini na magoti yenye udongo.

Saa 11:15 jioni

Nimefika nyumbani, na ua limebadilika. Kingo za petali zimeanza kuelekea ndani. Jua sasa liko nyuma ya kichaka, nami nimelala kifudifudi ili mwanga upite kwenye petali kuja kwangu. Mishipa imewaka: mmoja mnene unatoka chini, unagawanyika, kila tawi linagawanyika tena, mpaka ukingoni mwa petali ni nyuzi zisizohesabika. Nimepiga hii bila kuunganisha picha. Hapa kamera nimeiweka sambamba kabisa na petali, na ukifanya hivyo milimita moja inatosha, maana uso wote wa petali uko ndani yake. Dakika ishirini zimeishia kwenye kunyoosha kamera tu.

Kisha nimerudia stigma, pembe ileile ya asubuhi, picha 24 zilezile.

Mwaka 1925 Imogen Cunningham, mpiga picha wa Marekani aliyekuwa akilea watoto watatu, alipiga moyo wa ua la magnolia kwa karibu, na picha hiyo inatazamwa hadi leo. Katika miaka hiyo alipiga mimea ya bustani ya nyumbani kwake, iliyokuwa karibu na malezi. Humkumbuka nikiwa nimelala chini namna hii, simu ya ofisini ikiwa mfukoni, nikiwa na nusu saa iliyobaki ya mwanga.

Saa 1:10 usiku

Ua limefunga. Halijarudi kuwa tumba: petali zimejisokota zikiwa na mikunjo kama ya ngozi ya mkono uliokaa majini, na rangi imeelekea zambarau. Picha moja, kwa taa. Nimelitoa tawi kwenye kibanio.

Saa 2:30 usiku

Kwenye kompyuta ziko picha 231. Nimefuta nyingi bila huruma. Lile tone limebaki, moja kati ya 19. Petali yenye mishipa imebaki. Kisha nimefungua stigma za asubuhi na za jioni kando kwa kando, nikazikuza.

Asubuhi, mahameli safi. Jioni, kwenye ile stigma iliyoinama kuja mbele, kuna punje za chavua. Chavua ya hibiskasi ni kubwa kuliko ya maua mengi, na picha ikikuzwa hivi kila punje inaonekana kama mpira wa dhahabu wenye miiba mifupi pande zote, imenasa kwenye manyoya. Nilihesabu sita. Binti yangu amekuja kusimama nyuma ya kiti, akainama hadi pua ikakaribia skrini.

"Mama, ni saba. Ile moja imejificha nyuma ya hiyo kubwa."

Ni kweli, ni saba. Akauliza kama ni yule nyuki wa mchana aliyezileta. Nikafungua zile picha 11 ili tujue. Jicho la nyuki limetoka kali ajabu, unaweza kuhesabu vinyweleo vyake. Stigma iliyo chini ya miguu yake, milimita tatu nyuma, ni ukungu mwekundu.

Tumeziangalia zote, moja baada ya nyingine, tukitafuta hata nukta ya dhahabu ndani ya ule ukungu. Haionekani. Kuna tumba jingine kwenye tawi la juu, binti yangu ndiye aliyeliona alipotoka kutoa taka, na anasema ncha yake imeshalegea. Likichanua nitaweka fokasi kwenye stigma kabla nyuki hajafika, na nitaiacha hapohapo.