Siku moja kwenye majaruba ya magimbi, Hanalei

Saa 11 alfajiri. Kisiwa cha Kauaʻi, Hawaii, bado giza na manyunyu. Mimi ni wa Marangu, nimekulia kwenye migomba na mifereji, na kibarua nilichopata huku ni magimbi. Wenyewe wanayaita kalo na wanayalima ndani ya maji, kwenye majaruba.

Saa 12. Hakuna kujiingilia tu shambani. Anakala, ndivyo tunavyomwita mzee wetu, anaimba wimbo wa hodi, nasi tunaitikia. Halafu anachuma jani la kī kwenye tuta, analipitisha ukucha mgongoni na kuvua uti, mpaka linalegea kama kitambaa. Anafungia humo gimbi moja na kuliweka kwenye kona ya jaruba la leo. Mmea wa kī uliletwa na mababu zao kwa mitumbwi, pamoja na kalo yenyewe, na hupandwa kuzunguka nyumba kuzuia mabaya. Nilipomweleza kwamba sisi Wachaga tuna jani la isale, la kuwekea mipaka na kuombea msamaha, hakushangaa hata kidogo.

Saa 1 hadi saa 5 ni tope. Unashika shina lililobakishiwa kipande chembamba cha gimbi, unalididimiza hadi lisimame, unasogea. Konokono unawaokota njiani. Maji lazima yatembee, kwani yakituama yanapata joto na gimbi linaoza. Wageni walipita, wakapiga picha jani la kī, wakaondoka. Tope hawakulitaka, ingawa kwa Anakala yote mawili ni kazi moja.

Saa 6 mchana. Vijana wawili wanabishana zamu ya kusafisha mfereji ni ya nani. Shangazi wa hapa hakusema neno, alifunua tu bakuli la poi, yaani kalo iliyopikwa na kupondwa. Kimya! Poi ikiwa wazi hakuna ugomvi, kwa sababu kaka mkubwa yupo mezani. Wanasimulia kwamba mtoto wa kwanza wa Wākea na Hoʻohōkūkalani alizaliwa bila uhai, akazikwa, na kaburini ikaota kalo ya kwanza. Aliyefuata akazaliwa mtu, akapewa jina la kakake, Hāloa, na Wahawaii ni uzao wake. Sasa utagombanaje mbele ya mkubwa wako?

Saa 8. Tunapanda juu kuzibua mfereji karibu na msitu. Buti zinasuguliwa na kupuliziwa spiriti kwanza, maana kuna kuvu linaloua miti ya ʻōhiʻa, na Kauaʻi lilithibitishwa mwaka 2018. Maua yake, lehua, hupamba madhabahu ya hula, ngoma yao ya jadi, lakini siku hizi wengi wameacha kuyachuma. Naona wamefanya vyema. Heshima ya mti ni pamoja na kuuacha.

Saa 11 jioni magunia yanapakiwa. Kesho ni jaruba la pili, na wimbo wa hodi nauongoza mimi. Maneno ninayo, sauti ndiyo bado.