Malawi kwa urefu wake, Songwe hadi Nsanje

Ukiiangalia Malawi kwenye ramani, macho yanateremka yenyewe. Ni nchi nyembamba ya karibu kilomita 900 kutoka kaskazini hadi kusini, na ziwa tunaloliita sisi Nyasa limelala ubavuni mwake kwa sehemu kubwa ya safari. Tanzania nilikuwa nimeshaipita kwa baiskeli kutoka Namanga hadi Tunduma, kwa njia ya Babati, Kondoa, Dodoma na Iringa. Kwa mtu wa Mbeya, nchi ya pili ilikuwa pale pale chini ya mlima.

Napenda kuipita nchi kwa urefu kwa sababu unayaona mambo mahali yanapobadilika. Kutoka Songwe, mto wa mpakani, hadi Karonga bado ni kama Kyela: mpunga, migomba, na bibi anakuamkia "ugonile" vile vile. Sokoni Karonga nilinunua maandazi na usipa, dagaa wa ziwa hili, kwa Kiswahili. Mbele kidogo Kitumbuka kinashika, "muli uli", halafu Kitonga, halafu Chichewa, na ugali wa mahindi unaupisha ule wa muhogo, kondowole, mweusi mweusi na unaovutika. Ukipita ndani ya basi la usiku huoni hata kimoja.

Nilikwenda Juni, na Juni ziwani kunavuma mwera. Unatoka kusini, unapanda na ziwa lote, na kilomita zote hizo hakuna cha kuuzuia. Anayeteremka kama mimi unampiga kifuani kutwa nzima. Palipo tambarare kabisa nilikanyaga gia za mlimani. Chiweta barabara inaliacha ziwa na kuukwea ukingo wa bonde, kona juu ya kona, malori yakinguruma gia ya kwanza na nyani wakikaa ukingoni kungoja kinachoanguka. Pale ukisukuma hakuna anayekushangaa.

Kati ya Mzuzu na Nkhata Bay unateremka katikati ya mashamba ya mpira, na vijana wanauza mipira iliyosokotwa kwa utomvu wenyewe, inadunda kama ina roho. Dwangwa ni miwa tu. Nkhotakota nilikaa.

Nilikaa kwanza kwa sababu ya spoki. Ilikatika upande wa gia, mzigo ukiwa wote nyuma. Fundi alikuwa mzee chini ya mwembe, ana bisibisi, spana moja na kopo la spoki kuukuu. Yangu ya kufanana hakuwa nayo. Akachukua ndefu zaidi, akaikata, akaikunja kichwa kwa koleo, akaipenyeza. Kisha akaigeuza baiskeli miguu juu, akalizungusha gurudumu taratibu, ukucha wa dole gumba ukiwa karibu na ringi. Ringi ilipougusa ukucha, akasimamisha, akakaza robo, akazungusha tena. Hakuharakisha. Gurudumu lile lilinifikisha mwisho wa nchi bila kuguswa tena.

Sababu ya pili ni mji wenyewe. Katikati ya karne ya 19 Salim bin Abdallah, mfanyabiashara aliyetoka pwani yetu, aliweka makao hapa, na yeye na warithi wake wakaitwa Jumbe. Majahazi yao yaliwavusha watu ziwa, wakafika ng'ambo, wakatembezwa kwa minyororo hadi Kilwa. Uislamu uliokuja na akina Jumbe bado upo, na fundi wangu tulisalimiana kwa "asalaam aleikum" kabla hatujajua lugha ipi itatufaa. Nilishuka hadi ufukweni nikasimama pale muda mrefu. Sisi wa Kiswahili tukipita Nkhotakota haifai tupite kama wageni wasiohusika.

Salima na Mangochi nilizipita upesi. Mangochi ndipo mto Shire unapotoka ziwani, na kuanzia hapo nilikuwa nikifuatana nao, mara karibu mara mbali, kupitia Liwonde, Zomba hadi Blantyre, ambako manyunyu ya baridi yanayoitwa chiperoni yalinilowesha nguo zote za akiba. Kutoka Blantyre barabara inaporomoka hadi Chikwawa. Koti nililivua njiani; chini kule ni joto hata Juni.

Kwenye mteremko ule nilikutana na watu wa mkaa wakipanda. Baiskeli nyeusi zisizo na gia, keria imeunganishwa kwa nondo ili ibebe magunia marefu kuliko mwenye baiskeli, yamefungwa kwa vipande vya tyubu. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia, mwili umelala mbele karibu na lami. Nilisimama kuongea na mmoja. Akaitazama mifuko yangu ya pembeni, akaibonyeza kupima uzito, akasema "mzigo", neno tulilolielewa wote wawili, kisha akakamata tairi langu la nyuma kwa vidole na kuniambia limepungua upepo. Lilikuwa limepungua kweli. Akangoja nilijaze ndipo akaendelea.

Barabara ya Nchalo hadi Nsanje ni miwa, mibuyu na joto. Pale Nsanje kuna bandari iliyozinduliwa mwaka 2010 ili meli zipite Shire na Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Nilikuta watoto wanavua samaki.

Atakayetaka kwenda, ushauri wangu ni mmoja: anzia Nsanje uje kaskazini. Mwera utakuwa mgongoni mwako ziwa zima. Na mlima wa Chikwawa utaupanda pamoja na wale wa mkaa, kwa mwendo wao. Wa mbele yako akikwama kwenye kona, iegemeze baiskeli yako, nenda ukamsukumie gunia.