Kumbe NASCAR imeanzia kwenye gongo

Mliobaki Dar mnaniuliza Marekani nimeona nini, basi binamu alinipeleka makumbusho ya NASCAR, yale mashindano yao ya mbio za magari, pale Charlotte, nikajua naenda kushangaa ndinga tu, kumbe madereva wengi wa mwanzo walikuwa wanasafirisha gongo usiku, wanachokonoa injini ili polisi wasiwapate! Mmoja wao, Junior Johnson, alifungwa kwa ishu hiyo hiyo, halafu baadaye akaja kuwaundia makumbusho mtambo wa gongo kabisa 😂 Manzese wangemwelewa.

Mle ndani kuna magari 18 kwenye njia inayolala ubavu hadi nyuzi 33 kama uwanja wa mbio wa Talladega, ukiiangalia unajiuliza tairi zinashikaje.

Ila aliyenikaa kichwani ni Wendell Scott, mweusi wa kwanza kushinda kwenye ligi yao kubwa, gari anatengeneza mwenyewe. Jacksonville, 1 Desemba 1963, kashinda, wakampa ushindi Buck Baker, mzungu, wakaja kukubali baadaye watu washaondoka. Daah! Wamemuingiza kwenye orodha ya magwiji 2015, mwenyewe kafariki tangu 1990, na kombe la ile mbio familia imekabidhiwa 2021. Hapo nilinuna kweli, binamu akaniuliza kama nina njaa.