Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Jiografia na Mishale Ubaoni

Saa 12:30 asubuhi. Naanzia maabara kabla kengele haijalia. Maji ya chokaa niliyoyaandaa jana yametulia: chokaa iliyozidi imezama chini, juu yamebaki maji maangavu. Nayachuja, nayazimua kidogo na kuyafunika mara moja, maana yakikaa wazi hewa yenyewe huyaharibu kabla ya kipindi.

Saa 2:00. Kidato cha pili. Kitabu kimewapa sura nne: angahewa, maji, miamba na udongo, viumbe hai. Kila sura wanaijua, tena vizuri. Lakini uliza mvua ina uhusiano gani na jiwe, darasa zima kimya. Kwa hiyo nachora visanduku vinne ubaoni na kuwaachia chaki wachore mishale wenyewe. Sharti ni moja: kila mshale useme umebeba nini. Maji? Joto? Kaboni? Fosforasi? Anayeniambia "vinategemeana" namrudisha ubaoni, kwa sababu neno hilo mtu aweza kulikariri mwaka mzima asielewe kitu.

Mwanafunzi mmoja anachora mshale kutoka msituni kwenda angani. Umebeba nini? Anafikiri, kisha anaandika: mvuke. Mwenzake anainuka na kuongeza wa kurudi chini: mvua. Hapo ndipo naingiza Amazon, ambako mizizi hufyonza maji ardhini, majani huyatoa kama mvuke, na upepo huusukuma mvuke huo ukanyeshe tena ndani zaidi ya bara. Msitu ukifyekwa upande mmoja, mvua ya upande wa pili nayo huguswa.

Saa 4:00. Maabara, kipindi ninachokisubiri kuliko vyote. Kila mwanafunzi ana mrija wake na miwani ya kinga. "Pulizeni, msinyonye!" Nalirudia hilo mpaka nichoke, maana maji ya chokaa huunguza.

Muda si mrefu maji yanageuka meupe kama maziwa. Hewa ukaa iliyotoka mapafuni mwao imekutana na kalsiamu iliyoyeyuka majini, ikawa kalsiamu kabonati, kitu kilekile kinachounda miamba ya chokaa. Pumzi ya kiumbe hai imepita hewani, ikaingia majini, ikawa jiwe. Visanduku vyote vinne vimo ndani ya glasi.

Wengi huishia hapo. Kwangu hapo ndipo somo linapoanza. Nawaambia waendelee kupuliza, wakichoka wapokezane, kila mtu na mrija wake. Weupe unafifia taratibu, na mwisho maji yanaangaza tena. Zogo! "Mwalimu, jiwe limekwenda wapi?"

Limeyeyuka. Hewa ukaa ilipozidi, maji yalipata asidi, na asidi hiyo ikaigeuza kabonati kuwa chumvi nyingine inayoyeyuka majini. Ndivyo maji ya mvua yanavyochonga mapango kwenye miamba ya chokaa. Kisha nawapeleka baharini: takriban robo ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu hufyonzwa na bahari, na kadiri inavyozidi, ndivyo matumbawe na konokono wa baharini wanavyopata taabu kujenga mifupa na magamba yao. Baada ya glasi ile, hakuna anayeniuliza moshi wa nchi kavu unayafikiaje matumbawe.

Saa 7:00 mchana. Kidato cha nne, vumbi la Sahara. Kule Bodélé, nchini Chad, kuna bonde lililokuwa sehemu ya ziwa kubwa la kale. Ziwa lilikauka, likaacha tabaka la mabaki ya viumbe wadogo wa majini, na leo upepo huyapeperusha. Sehemu ya vumbi la Sahara huvuka Atlantiki mpaka Amazon. Watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walikadiria mwaka 2015 kwamba vumbi hilo hupeleka huko takriban tani 22,000 za fosforasi kila mwaka, kiasi kinachokaribia kile ambacho mvua na mafuriko huondoa. Jangwa linarutubisha msitu! Swali linatoka nyuma ya darasa: mvua ikiongezeka Sahara, Amazon itapata nini? Sijibu. Nampa chaki aje achore.

Saa 9:30 alasiri. Nasahihisha kazi za nyumbani: grafu ya hewa ukaa iliyopimwa Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958, ilipokuwa kama sehemu 315 kwa milioni. Sasa imepita 420. Nilitaka waeleze kwa nini mstari una meno, unapanda na kushuka kila mwaka. Wengi wameandika "hali ya hewa" tu. Nazirudisha na alama ya kuuliza. Daftari moja linasema mimea ya kaskazini huvuta hewa ukaa nyingi majira ya joto, kisha huirudisha majani yakianguka na kuoza. Alama zote. Pembeni namwandikia swali la kesho: ikiwa mimea huivuta kila mwaka, mbona kila jino linaanzia juu kuliko lililotangulia?