Tochi ya mzee imepata glopu mpya

Wenye zile tochi za bati za mawe mawili makubwa, msizitupe bado. Ya mzee nimeitoa glopu ya nyuzi nikaweka ya LED yenye kitako kilekile. Mwanga mweupe, na mawe yanadumu zaidi, maana ile ya zamani umeme mwingi uliishia kuwa joto.

Ila ulizeni kabla ya kulipa. LED nyeupe inataka kama volti 3, na mawe mawili mapya ndiyo yanatoa hizo hizo. Yakichoka kidogo inafifia, labda glopu iwe na sakiti ya kupandisha volti. Halafu ukipanga mawe kinyume nyingi haziwaki, wakati ile ya nyuzi haikujali. Mwanga nao hautulii sehemu moja: kile kikombe kinachong'aa kilitengenezwa kwa uzi unaomulika pande zote, LED inamulika mbele tu. (Fundi wangu anabisha. Mwacheni.)

Vitochi vipya vya kuchaji kwa USB vinaipita kwa ukali, sikatai, na ninacho kimoja mfukoni. Lakini betri ya ndani ikifa wengi wetu tunatupa kitochi kizima. Mawe yapo kwa Mangi hata saa tatu usiku.